Mpira wa Mkojo Nyumbani kwa Mkwe

Mama yangu alipozinduka baada ya kufanyiwa upasuaji Kitale, hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Huu mpira umepita kwa mguu yangu unaishia wapi?" Nikamwambia unaishia kwenye mfuko uliofungwa kando ya kitanda, na mkojo unaingia humo. Akauliza tena, "Na watu wanauona?" Nikasema wanaouona ni wagonjwa wenzake, na kila mmoja wao ana wake. Akafumba macho. Nilidhani amepitiwa na usingizi, kumbe alikuwa anaona haya.

Haya hizo nimekua nazo. Nilikuwa msichana wa shule wakati mtoto wake wa mwisho alipokwama. Wakunga walihangaika naye nyumbani kwetu karibu na Kibabii mpaka wakakata tamaa, na alipofikishwa hospitali Bungoma, mtoto alitoka lakini hakulia. Mama alirudi bila mtoto na bila uwezo wa kuzuia mkojo. Ulitoka wenyewe, amesimama au amekaa, yuko macho au amelala. Siku hizi redio inautaja ugonjwa huo kwa jina, fistula, na wanawake wanaitwa waende watibiwe. Wakati huo kwetu haukuwa na jina. Watu walisema "ile maneno ya mama yule", wakaangalia pembeni.

Alichana blanketi kuukuu akatengeneza vitambaa, na kila alfajiri alikwenda mtoni kuvifua kabla wengine hawajafika. Kanisani alikaa kiti cha mlangoni, upepo unapopita, akatoka kabla ya sala ya mwisho. Matanga hakwenda tena, kwa sababu kwetu wanawake hulala pamoja matangani, na yeye angelala wapi? Siku ya harusi yangu alikaa jikoni tangu asubuhi, karibu na moshi, kwa kuwa moshi hufunika harufu. Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kuzikana. Nikizichimbua mizizi, nyingi zinaishia kwenye kile kiti cha mlangoni.

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, mimi nikiwa nimeolewa Kitale, nilipeleka mtoto wangu kliniki kuchanjwa. Muuguzi akatutangazia tuliokuwa kwenye benchi kwamba kuna daktari anakuja kushona akina mama wanaovuja mkojo tangu walipojifungua. Alilisema kwa sauti, mbele ya watu, kama mtu anayetangaza mbegu zimefika. Nilishtuka. Sikujua kwamba jambo lile linaweza kushonwa. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Bungoma kumchukua mama.

Alikataa. Nikambembeleza, akakataa. Nikamwambia, "Mayi, mficha uchi hazai."

Akanijibu, "Mimi nimemaliza kuzaa."

Ulimi wake haukuwahi kuugua, huyo mama. Basi nikaacha methali, nikamwambia jambo lililokuwa moyoni mwangu, kwamba mtoto wangu alikuwa ameanza kutembea na yeye hajawahi kumpakata hata mara moja. Kila nilipomletea mtoto, alimshika mkono tu, akamrudisha kwangu kabla hajaloa. Asubuhi yake nilimkuta amefunga furushi lake na amekaa juu yake, ananisubiri.

Wodi ilikuwa na wanawake wa kila upande wa mlima na wa tambarare. Kitanda kilichopakana na cha mama kilikuwa cha msichana mmoja kutoka Cheptais, hajatimiza hata miaka ishirini, mume alikuwa amemrudisha kwao. Wote walitembea na mifuko yao ya mkojo. Aliye na kiondo aliutia kwenye kiondo, asiye nacho aliubeba mkononi kama mtu aliyetumwa mafuta ya taa dukani. Mama aliufunika wake kwa leso. Alisema mpira wenyewe unachoma, na akigeuka kitandani anasikia kama mtu anavuta uzi kutoka ndani ya tumbo. Plasta iliyoushikilia pajani ilimwasha. Alilala chali usiku kucha, akiogopa kuukalia.

Lakini kuna siku nilimkuta anapapasa shuka chini yake kwa kiganja, polepole, mahali hapa na pale.

"Nini, mayi? Umepoteza kitu?"

"Shuka kavu," akasema. "Gusa."

Nikagusa. Ilikuwa kavu. Tangu yule mtoto asiyelia, alikuwa hajaamka kwenye matandiko makavu. Nadhani kuanzia hapo aliupenda ule mpira na kuuonea haya kwa pamoja, na sikujua nimwonee furaha au nimwonee huruma. Nilimwonea vyote viwili.

Sista wa wodi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Kila asubuhi aliwahubiria. Mpira ndio unaofanya kazi ya kibofu wakati kidonda kinashikana, alisema. Kibofu kikijaa, kitavuta nyuzi, zitakatika, na shimo litarudi palepale. Kwa hivyo kunyweni maji kama ng'ombe waliotoka kulamba chumvi. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote. Mpira usipindwe, usikaliwe, usikunjwe. "Mkiuziba huo mpira," alisema, "mimi sitawajua, na daktari atakuwa amekwenda zake." Mama alisikiliza kwa makini kuliko wote. Nilimwona akitikisa kichwa kukubali kila neno.

Wodi ikajaa mpaka wakaanza kulazwa wawili kitanda kimoja. Sista akauliza ni nani ana mtu wake hapa mjini, ili akakae huko na mpira wake na kurudi kukaguliwa, mpaka wiki mbili ziishe na mpira utolewe. Nikainua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. "Mama yangu! Mimi naishi hapa hapa." Sista akafurahi, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nilipogeuka kumtazama mama, alikuwa ananiangalia jinsi alivyoniangalia siku nilipovunja chungu chake cha pombe ya harusi ya kaka.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mwenzake apite. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, haogi huko, na choo cha huko hakigusi kabisa. Hata akibanwa namna gani, atashikilia mpaka avuke mpaka wa boma. Sasa mimi nilikuwa nataka kumpeleka mama kwa mkwe wake akiwa amebeba mkojo wake kwenye mfuko, unadondoka humo saa zote, mchana kutwa.

"Unataka kuniua jina," aliniambia tulipofika nje.

"Nyumba ni ya kupanga, mayi. Ni ya mwenye ploti. Huyo si mkwe wako."

"Na kodi analipa nani?"

Kwa mila kitanda cha mkwe ni cha kukataliwa, lakini sisi hatukuwa na pengine. Kibabii kulikuwa mbali, barabara ilikuwa ya mashimo, na Sista alikuwa ameshaandika kwamba anatoka.

Mume wangu alikuwa fundi wa matrakta, mtu wa Saboti. Lugha yao si yetu, ndiyo maana nyumbani mwetu tuliongea Kiswahili. Mila zetu alizijua baada ya kunioa, na alizishika kama mtu aliyeokoka juzi anavyoshika amri kumi. Aliposikia mama anakuja, alichukua nguo zake akahamia kwa fundi mwenzake. Jioni alikuja kula, akakohoa getini ili kujulisha kwamba amefika, akala uani akiwa ameupa mlango mgongo. Tulikuwa na vyumba viwili tu. Mama alikataa kitanda. Akataka kulala kwenye mkeka, lakini sakafuni mfuko ungekaa wapi, na Sista alisema uwe chini ya kiuno? Tulibishana mpaka nikakumbuka magunia yangu ya mahindi chumba cha nje, mahindi niliyoyalima kwa mikono yangu mwenyewe kwenye shamba la kukodi. Nikayapanga, nikatandika godoro juu. Mama akafikiri sana. Kisha akasema mahindi ya binti si kitanda cha mkwe, akapanda akalala.

Nilijua nimeshinda. Haraka zangu zinanifanya nisherehekee mapema.

Nilianza kuona mfuko haujai. Mkojo uliokuwa humo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikamuuliza kama anakunywa maji, akasema anakunywa, na kweli kikombe nilikuta kitupu kila mara. Nilipochungulia siku moja nikaona anayekunywa ni mjukuu wake. Kila nikitoka, mama anamwita, anamnywesha, mtoto anafurahi, tumbo limevimba kama ngoma. Nikafoka. Nikamnywesha mwenyewe, nimemsimamia, kama mtu anayempa ndama dawa. Alikunywa bila kunitazama.

Jumapili mume wangu hakuwa kazini. Wenzake wawili walimletea pampu ya trakta iliyokuwa inawasumbua, wakaifungua uani, wakaanza kuzungumza. Mazungumzo ya mafundi hayana amina. Niliwapikia, nikawapelekea chai, nikaosha vyombo. Nilipoingia chumba cha nje kumtazama mama, nilimkuta amekaa wima juu ya magunia, jasho linamtiririka, midomo imekuwa ya kijivu, mkono mmoja umebana tumbo na mwingine umefichwa chini ya leso.

"Mayi, nini?"

"Nyamaza. Wataenda sasa hivi."

Nikaivuta ile leso. Alikuwa ameukunja mpira mara mbili na kuufunga kwa utepe alioupasua kwenye pindo la leso hiyo hiyo. Aliufunga vizuri, kama mtu afungavyo mfuko wa mbegu. Na godoro chini yake lilikuwa limeloa.

"Haja haiwezi kushuka na mkwe ako pale nje," akasema kwa sauti ndogo. "Namsikia akiongea. Si na yeye atanisikia? Nimefunga kidogo tu. Kila akikuja huwa nafunga, akienda nafungua. Leo ndio amekaa."

Kila akikuja! Nikapiga ukemi uliosikika ploti nzima. Nilifungua ule utepe kwa meno. Mkojo ukashuka kwa nguvu, na ndani yake kulikuwa na nyuzi za damu. Mama alitazama damu, akatazama godoro, akaweka kiganja mahali palipoloa. Kisha akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili yake mwenyewe, hata siku ile aliporudi bila mtoto, na niliogopa kuliko nilivyoogopa damu.

Uani mazungumzo yalikuwa yamekatika. Mume wangu alisikia yote. Sikuhitaji kumwambia kitu, nilisikia pikapu ya mwenzake ikiwashwa. Tulimpandisha mama nyuma, mimi na jirani mmoja, tukamkalisha juu ya godoro jingine. Mume wangu alikaa mbele na dereva, shingo imekakamaa, hakugeuka nyuma hata mara moja njia nzima.

Sista aliusafisha mpira kwa bomba la sindano na maji, akabonyeza tumbo, akanusa mkojo, akampa dawa. Alitaka kumrudisha wodini lakini hakukuwa na hata nafasi ya sakafu. Nilimweleza kilichotokea. Hakucheka, wala hakutukana kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye kona ya kitanda akavua miwani.

"Mama," alimwambia, "labda umelowa kwa sababu mkojo ulikosa njia ukapita kando ya mpira. Labda uzi umekatika. Mimi sijui. Tutajua siku tutatoa huu mpira. Lakini ukifunga tena, usiniletee. Enda tu nyumbani."

Tukiwa bado tumekaa pale, yule msichana wa Cheptais alitolewa mpira wake. Alikuwa amechana nywele na kuvaa rinda safi, furushi lake liko tayari mlangoni. Aliambiwa atembee kidogo kisha arudi. Alitembea hadi dirishani. Nilimwona akisimama, akatazama chini kwenye sakafu kati ya viatu vyake, palipoanza kulowa, na hakuinua uso tena. Mama alishuka kitandani akiwa na mfuko wake mkononi, bila kuufunika, akaenda akamshika mkono. Walisimama hivyo hivyo.

Tuliporudi nyumbani sikugomba. Nilikuwa nimeishiwa. Nilimpandisha juu ya magunia, nikamfunika, nikasikia mtu anakohoa uani. Mume wangu alikuja mpaka chini ya dirisha la chumba cha nje, akageuka, akauegemeza mgongo ukutani. Mimi nilikuwa mlangoni, nawaona wote wawili, na wao hawaonani.

"Mwambie mama," akaanza, akiongea na mimi ila kwa sauti ya kufika ndani, "leo nimemsikia akilia kwa nyumba yangu. Hiyo ndiyo aibu. Mkojo si aibu."

Mama alikuwa amesikia kila neno. Lakini alikaa kimya akisubiri mimi niseme, maana ndivyo inavyopasa. Nikasema, "Anasema mkojo si aibu."

"Mwambie labda kwao Saboti. Kwetu ni aibu."

"Anasema kwetu ni aibu."

"Mwambie hata kwetu ni aibu. Lakini trakta ukiifunga paipu ya maji, injini inapasuka. Haijali mila ya mtu, bana."

Nikaipeleka hiyo ya trakta. Mama akakunja uso. "Mwambie mimi si trakta."

Nilishindwa kuipeleka hiyo kwa kicheko, lakini mume wangu alikuwa ameshaisikia. Akakuna kichwa. Kisha akaniambia nimletee birika la maji na vikombe viwili, kimoja nimpe mama, kimoja nimpe yeye.

"Mwambie hivi. Kila kikombe atakunywa huko ndani, na mimi nakunywa hapa nje. Na kama yeye atafunga mpira juu ya mimi niko hapa, na mimi nimefunga. Siendi choo mpaka yeye aachilie. Tuone nani atapasuka kwanza."

Mama alinitazama kuona kama nimeolewa na mtu mzima kichwani. Nikampa kikombe. Akakishika muda mrefu. Nje tukasikia mume wangu akigugumia maji yake kwa kelele za makusudi, halafu akakigonga kikombe ukutani kuonyesha kimeisha. Mama akanywa. Nikajaza. Gugugu, kikombe kikagonga ukuta, mama akanywa. Mimi nilikuwa nakwenda ndani na nje na birika, na sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilikuwa nafanya yote.

Birika la pili lilipofika nusu, nje kukaanza kusikika hatua. Anatembea, anasimama, anatembea. Wapangaji walikuwa wametoka milangoni kuangalia. Mmoja akamuuliza, "Sasa fundi, ni densi gani hiyo?" Mama alikuwa amegeuza sikio dirishani. Mkono wake ulikuwa chini ya leso, nami sikuuondoa. Niliona tu ile leso ikishuka pumzi kwa pumzi, mpaka mkono ukatoka, mtupu, akauweka juu ya magunia mahali ninapouona.

"Mwambie aende," akasema.

"Anasema uende!"

"Kwanza aniambie kama inashuka!"

Nikainama kutazama. Ndani ya ule mpira maji yalikuwa yanakwenda, mepesi, karibu hayana rangi. "Inashuka!" Tukasikia viatu vikikimbia kukata uwanja, mlango wa choo ukabamizwa, na ploti nzima ikapiga makofi. Mama akacheka. Alicheka ameshika mshono kwa mikono miwili, anasema "uwi, ananiumiza huyu, mwambie ananiumiza," na machozi yanamtoka. Nilimpenda mume wangu siku ile, na nikitaka kumkasirikia mpaka leo huwa inanibidi kwanza niisahau.

Tuliendelea hivyo kila jioni. Hawakuonana uso, hawakusemezana ila kupitia kwangu, lakini kikombe kilipogonga ukuta mama alijua zamu yake. Mfuko ulijaa, nikaumwaga, ukajaa. Hakuniuliza naumwaga wapi, na mimi sikumwambia.

Ila mchana, tukiwa wawili, hofu ilirudi ikakaa nasi. Hakuna aliyejua kama uzi umeshika. Maadamu mpira ulikuwa ndani, alikuwa mkavu, na ukavu ule haukuthibitisha lolote. Aliniuliza siku moja, bila kunitazama, kama daktari anaweza kumshona mtu mara ya pili. Nikasema anaweza. Sikuwa najua. Akasema, "Afadhali ningebaki na kile kiti changu cha mlangoni. Nilikuwa nimekizoea. Sasa nimeonja kulala mahali kavu, nitarudi aje?" Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Siku ya kutoa mpira tulifika mapema. Sista aliuvuta, mama akauma pindo la leso, ikawa imekwisha. Ulikuwa mpira mwembamba tu wa rangi ya udongo. Akapewa maji anywe, akawekewa kitambaa cheupe, akaambiwa azunguke uani mpaka aitwe. Tulizunguka. Alitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Tulipita kamba za nguo za wagonjwa, tukapita maua ya wauguzi, tukarudi. Kila alipopunguza mwendo, nilitazama chini kati ya viatu vyake.

Karibu na kamba za nguo akasimama, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nikajua basi. Nikaanza kutafuta maneno, na nikamwona yule msichana wa dirishani mbele ya macho yangu.

"Nimebanwa," akasema.

"Umesema?"

"Nimebanwa, mtoto. Na mkojo. Nausikia uko ndani." Akaweka kiganja chini ya kitovu. "Uko hapa. Umekaa tu. Haujatoka."

Kitambaa kilikuwa kikavu. Sista alikigeuza huku na huku chini ya mwanga wa dirisha, akaupiga mgongo wa mama kofi la furaha, akamwonyesha choo. Nilisimama nje ya mlango nikasikiliza. Ulianza, ukaendelea, ukakoma. Ulikoma kwa sababu yeye aliukomesha. Nililia pale koridoni kama mtu aliyefiwa, mpaka mgonjwa mmoja akaniletea kiti.

Sista alimwonya asibebe mzigo, asilale na mume mpaka aambiwe, na aende haja mara kwa mara, asijibane. Tukapita nyumbani kuchukua furushi lake, maana pikapu ilikuwa inamrudisha Bungoma siku hiyo hiyo. Nikampikia chai. Akanywa vikombe viwili. Kisha akasimama katikati ya uwanja, akatazama huku na kule.

"Nani ako na choo huko ng'ambo ya barabara?" akauliza.

"Mayi, choo ni hicho hapo! Mwenyewe yuko kazini. Na Sista amesema usijibane!"

"Choo ya mkwe?"

Damu ilinipanda. Baada ya yote yale, baada ya utepe na damu na magodoro mawili! Nilifungua mdomo nimseme, naye akainua mkono, si kwa hasira.

"Wewe ngoja," akasema. "Miaka yote hiyo nimekojoa kila mahali. Kanisani nimekojoa. Barabarani. Kwa kaburi ya mama yangu nimekojoa nikiwa nimesimama na watu wanaimba. Hakuna siku mkojo uliniuliza kama nataka. Leo nataka kufika mahali nimechagua."

Akajifunga leso vizuri, akatoka getini. Nilikimbia mbele yake kumwombea ufunguo kwa jirani wa ng'ambo, na nilipogeuka alikuwa bado anavuka barabara, kichwa juu, hana haraka, na nyuma yake vumbi ni kavu.